Mahatma Gandhi (1869–1948): Maisha Yake na Maana ya Kudai Haki Bila Mabavu

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa ataje njia zilizotumika kudai uhuru, hujibu bila shida: njia ya amani na njia ya vita. Akitakiwa kufafanua njia ya amani ni nini hasa, maneno humwishia. Wengi huandika kwamba ni kuvumilia, kukaa kimya, au kumwomba mkoloni aondoke kwa hiari yake. Majibu hayo si sahihi, nayo huwanyima watahiniwa alama walizoweza kuzipata.

Sura hii inaeleza maisha ya Mohandas Karamchand Gandhi, mtu aliyeifanya njia hiyo kuwa mbinu kamili ya siasa, yenye kanuni, hatua na gharama zake. Ukimaliza kuisoma uweze: (a) kusimulia maisha yake kwa mpangilio; (b) kueleza maana ya kutotumia mabavu kama imani na kama mbinu; (c) kuonyesha kwa mifano jinsi mbinu hiyo ilivyofanya kazi; na (d) kujadili mipaka yake.

1. Kuzaliwa, malezi na elimu

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa bandari katika eneo la Gujarat, magharibi mwa India. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa dola hiyo ndogo iliyokuwa chini ya uangalizi wa Waingereza. Mama yake, Putlibai, alikuwa Mhindu mcha Mungu aliyefunga mara kwa mara. Kutoka kwa mama huyo Gandhi alijifunza mapema kwamba mtu anaweza kujinyima kwa hiari na kupata nguvu kutokana na kujinyima huko. Kwa desturi ya wakati ule, aliozwa akiwa na miaka 13. Mkewe aliitwa Kasturba, na baadaye walijaliwa watoto wanne wa kiume.

Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria, akahitimu uwakili mwaka 1891. Aliporudi India kazi ilimshinda. Alikuwa mwoga wa kusema mbele za watu. Katika kesi yake ya kwanza mjini Bombay alisimama kumhoji shahidi, akakosa la kusema, akaketi. Zingatia jambo hili, kwa sababu baadhi ya watahiniwa hudhani viongozi wakubwa huzaliwa na ujasiri tayari. Ujasiri wa Gandhi ulijengwa polepole.

2. Afrika Kusini, 1893–1914

Mwaka 1893 kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu kutoka Gujarat, Dada Abdulla, ilimpa mkataba wa mwaka mmoja kusaidia kesi huko Afrika Kusini. Meli yake ilipita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ilitia nanga Lamu na Mombasa, kisha akakaa Zanzibar kwa siku kadhaa akisubiri meli nyingine. Watu wa Gujarat walikuwa wamefanya biashara na pwani hii kwa karne nyingi, hivyo njia hiyo haikuwa ngeni kwao. Alifika Durban mwezi Mei.

*2.1 Tukio la Pietermaritzburg*

Tarehe 7 Juni 1893 Gandhi alikuwa safarini kwenda Pretoria, akiwa na tiketi halali ya daraja la kwanza. Abiria mzungu alilalamika kwa sababu ya rangi yake. Gandhi aliamriwa ahamie behewa la chini, akakataa, akatolewa nje kwa nguvu katika stesheni ya Pietermaritzburg. Alikaa usiku kucha katika chumba cha abiria wakati wa majira ya baridi. Koti lake lilikuwa kwenye mizigo iliyochukuliwa na wakuu wa stesheni, naye hakwenda kuliomba.

Usiku ule alikuwa na njia tatu mbele yake: kurudi India, kuvumilia dharau na kumaliza kazi ya mwajiri wake, au kubaki na kupambana na chanzo cha dharau yenyewe. Alichagua njia ya tatu. Hakuangalia tu aliyemsukuma nje ya treni; aliangalia mfumo uliompa mtu huyo haki ya kusukuma. Tofauti hii kati ya mtu na mfumo ndiyo mzizi wa mafundisho yake yote ya baadaye.

*2.2 Kuanza kwa harakati*

Kesi iliyompeleka huko aliimaliza kwa usuluhishi. Wagombanaji walikuwa ndugu, naye aliona kuwa kazi ya kweli ya wakili ni kuwapatanisha watu kuliko kuwafilisi mahakamani. Alipokuwa anajiandaa kurudi nyumbani, habari zilifika kuwa bunge la Natal linataka kuwanyima Wahindi haki ya kupiga kura. Wenzake walimwomba abaki. Mwaka 1894 walianzisha chama cha Natal Indian Congress. Mkataba wa mwaka mmoja ukageuka kuwa makazi ya takriban miaka 21.

Mwezi Januari 1897, aliporejea Durban kutoka India alikokwenda kuchukua familia yake, kundi la wazungu wenye hasira lilimpiga barabarani. Aliokolewa na mke wa mkuu wa polisi wa mji huo. Serikali ilipotaka kuwashtaki waliomshambulia, Gandhi alikataa kufungua mashtaka.

*2.3 Kuzaliwa kwa satyagraha*

Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilitangaza mpango wa kuwalazimisha Wahindi kujiandikisha kwa alama za vidole na kubeba cheti kila waendako. Tarehe 11 Septemba 1906 maelfu ya Wahindi, Waislamu na Wahindu pamoja, walikutana katika ukumbi wa Empire mjini Johannesburg. Waliapa mbele ya Mungu kwamba hawataitii sheria hiyo, na kwamba watapokea adhabu yoyote bila kulipiza kisasi.

Mwanzoni watu waliita jambo hilo upinzani baridi. Gandhi hakulipenda jina hilo kwa sababu lilionyesha unyonge. Kupitia gazeti lake, Indian Opinion, alitangaza shindano la kutafuta jina bora, na mwishowe likapatikana neno satyagraha. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kisanskriti: satya, yaani ukweli, na agraha, yaani kushikilia kwa uthabiti.

Tarehe 16 Agosti 1908, nje ya msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg, zaidi ya vyeti 2,000 vilichomwa hadharani. Gandhi na wenzake walifungwa jela mara kadhaa. Mwaka 1913 mambo yalipamba moto zaidi. Mahakama ilitoa uamuzi uliofanya ndoa zisizo za Kikristo zisitambuliwe kisheria, na vibarua waliomaliza mikataba yao waliendelea kutozwa kodi ya pauni 3 kwa mwaka, mzigo mzito kwa mtu wa kipato chao. Wanawake waliingia katika mapambano, Kasturba akiwemo, naye akafungwa. Wachimbaji wa makaa ya mawe wakagoma. Tarehe 6 Novemba 1913 Gandhi aliongoza zaidi ya watu 2,000 kwa miguu kuvuka mpaka wa Transvaal bila vibali.

Jela zilijaa, migodi ikasimama, na habari zikafika London na India. Mwaka 1914 serikali, ambayo Jenerali Jan Smuts alikuwa mmoja wa mawaziri wake, ilikubali sheria iliyofuta kodi ya pauni 3 na kutambua ndoa hizo. Julai mwaka huo Gandhi aliondoka Afrika Kusini.

3. Maana ya kutotumia mabavu

Sehemu hii isome kwa makini, kwa kuwa ndiyo kiini cha sura nzima. Fundisho la Gandhi lina pande mbili.

*Upande wa imani.* Gandhi aliamini katika ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote kwa tendo, kwa neno wala kwa nia. Alitoa sababu kwamba hakuna binadamu anayeujua ukweli wote. Ukimuua mpinzani wako ukaja kugundua kuwa wewe ndiye uliyekosea, huna njia ya kurekebisha. Ukijitwisha maumivu mwenyewe, kosa lako halimwangamizi mwingine. Aliamini pia kwamba njia na lengo havitengani: serikali iliyopatikana kwa bunduki itazoea kutawala kwa bunduki.

*Upande wa mbinu.* Gandhi aliona kuwa serikali yoyote, hata ya kikoloni, husimama kwa sababu watu huitii. India ilikuwa na watu zaidi ya milioni 300, nao Waingereza waliokuwa wakiitawala walikuwa wachache mno. Walioendesha ofisi, treni, mahakama, jeshi na ukusanyaji wa kodi kwa sehemu kubwa walikuwa Wahindi wenyewe. Wakiacha kushirikiana, mtawala hubaki na amri zisizo na mtekelezaji.

Tofautisha satyagraha na mambo manne yafuatayo:

(i) *Si woga.* Anayekimbia mapambano kwa hofu hajachagua amani. Gandhi alifundisha kuwa ni bora kupigana kuliko kujificha nyuma ya jina la amani ukiwa na hofu moyoni.

(ii) *Si kunyamaza.* Satyagraha huvunja sheria dhalimu waziwazi, mchana kweupe, na kutoa taarifa kabla.

(iii) *Si kukwepa adhabu.* Anayevunja sheria kwa njia hii huenda jela mwenyewe. Hapo ndipo anapotofautiana na mhalifu anayejificha.

(iv) *Si chuki ya kimya.* Lengo ni kumbadilisha mpinzani au kumlazimisha akae mezani, bila kumdhalilisha.

Hatua zake kwa kawaida zilikuwa hizi: kuchunguza ukweli wa malalamiko, kujadiliana na wakubwa, kutoa taarifa ya hatua itakayochukuliwa, kuwaandaa wafuasi kwa nidhamu, kugoma, kususia au kuvunja sheria iliyolengwa, kupokea adhabu, na kurudi kwenye mazungumzo mlango ukifunguka.

4. India, 1915–1922

Gandhi alirejea India Januari 1915. Mwaka 1917 alikwenda Champaran, katika jimbo la Bihar, ambako wakulima walilazimishwa kulima mmea wa rangi ya nili katika sehemu ya mashamba yao kwa faida ya wazungu wenye mashamba makubwa. Alipoamriwa kuondoka wilayani alikataa, akafikishwa mahakamani, akakiri kutotii amri. Kesi ilifutwa, uchunguzi ukaundwa naye akiwa mjumbe, na mfumo ule ukaondolewa. Mwaka 1918 alisaidia wakulima wa Kheda na wafanyakazi wa viwanda vya nguo mjini Ahmedabad.

Mwaka 1919 serikali ilipitisha sheria ya Rowlatt iliyoruhusu watu kufungwa bila kesi. Gandhi aliitisha mgomo wa nchi nzima. Tarehe 13 Aprili 1919, mjini Amritsar, Jenerali Dyer aliamuru askari wafyatulie risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh, uliozungukwa na kuta. Taarifa ya serikali ilitaja vifo 379. Wahindi walisema waliokufa ni wengi zaidi.

Baada ya hapo Gandhi alipoteza imani na utawala wa Waingereza. Kuanzia mwaka 1920, kupitia chama cha Congress, aliongoza harakati za kutoshirikiana na serikali. Wanafunzi waliacha shule za serikali, mawakili waliacha mahakama, watu walirudisha nishani na kususia nguo kutoka Uingereza. Gandhi mwenyewe alisokota uzi kila siku kwa gurudumu la mkono, akawahimiza wengine wavae khadi, kitambaa kilichofumwa nyumbani. Kususia bila kuzalisha chako, alisisitiza, kungemwacha maskini uchi.

*4.1 Chauri Chaura: mtihani wa kanuni*

Tarehe 4 Februari 1922, katika mji mdogo wa Chauri Chaura, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji. Umati uliokasirika uliteketeza kituo cha polisi na askari 22 wakafa. Harakati zilikuwa zimefikia kilele, na wengi waliamini uhuru umekaribia. Gandhi alisimamisha harakati nchi nzima na kufunga siku tano.

Wenzake waliokuwa jela, akiwemo Jawaharlal Nehru, walipigwa na butwaa. Kwa nini taifa zima lirudi nyuma kwa kosa la mji mmoja? Gandhi alishikilia kwamba watu walikuwa hawajawa tayari, na kwamba harakati zikishaanza kuua, serikali itapata kisingizio na raia watapoteza nidhamu yao. Mwezi Machi alikamatwa, akakiri kosa mahakamani na kuhukumiwa miaka 6. Aliachiliwa mwaka 1924 kwa sababu ya ugonjwa.

Mtahiniwa makini ajiulize: je, uamuzi ule ulikuwa sahihi? Wanahistoria hawakubaliani. Mtahini anaweza kukubali jibu la upande wowote, mradi utoe hoja.

5. Matembezi ya Chumvi, 1930

Ukitakiwa kutoa mfano mmoja tu wa mbinu ya Gandhi, toa huu.

Sheria ya kikoloni iliwakataza Wahindi kutengeneza au kuuza chumvi, hata wale walioishi pwani. Serikali ilihodhi biashara hiyo na kuitoza kodi. Viongozi wengi wa Congress walishangaa Gandhi alipochagua chumvi badala ya jambo kubwa kama katiba. Lakini chumvi humgusa kila mtu: Mhindu na Mwislamu, tajiri na maskini, na maskini zaidi kwa kuwa hutoka jasho juani. Isitoshe, kosa la kutengeneza chumvi angeweza kulifanya hata bibi kizee.

Kwanza Gandhi alimwandikia barua mwakilishi wa mfalme wa Uingereza, Lord Irwin, akimweleza atakachofanya. Hakupata jibu la kuridhisha. Tarehe 12 Machi 1930, akiwa na miaka 60, alitoka katika makazi yake ya Sabarmati pamoja na wafuasi 78 waliochaguliwa. Walitembea takriban kilomita 385 kwa siku 24. Kila kijiji walichopita watu waliongezeka, na baadhi ya wakuu wa vijiji walijiuzulu kazi ya serikali. Tarehe 6 Aprili, kwenye ufuo wa Dandi, Gandhi aliokota chumvi. Kwa tendo hilo dogo akawa amevunja sheria ya dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule.

Nchi nzima ikafuata, na watu zaidi ya 60,000 wakafungwa. Gandhi mwenyewe alikamatwa mwanzoni mwa Mei. Tarehe 21 Mei wafuasi wake, wakiongozwa na mshairi Sarojini Naidu, walikwenda kwenye ghala la chumvi la Dharasana. Safu baada ya safu walisogea mbele, wakapigwa kwa marungu yenye vyuma, wakaanguka bila hata kunyanyua mkono kujikinga. Mwandishi wa habari Mmarekani, Webb Miller, alikuwepo, na taarifa yake ilisomwa sehemu nyingi duniani.

Matokeo yake yalikuwa nini? Serikali haikufuta kodi ya chumvi mara moja. Lakini Machi 1931 Irwin alitia saini makubaliano na Gandhi. Wafungwa wengi waliachiliwa, watu wa pwani wakaruhusiwa kutengeneza chumvi kwa matumizi yao, na Gandhi akaalikwa London kwa mazungumzo kuhusu katiba. Jambo kubwa zaidi lilikuwa katika mioyo ya watu: waliokuwa wakiiogopa jela hawakuiogopa tena.

*Sababu za mbinu hii kufaulu:* iligusa shida ya kila mtu. Iliruhusu wanawake na wazee kushiriki. Ilifanyika hadharani mbele ya vyombo vya habari. Na iliiweka serikali njia panda. Ikinyamaza, sheria inakufa. Ikipiga watu, dunia inaona.

6. Kuondoka kwa Waingereza, mgawanyiko na kifo

Agosti 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Congress ilidai Waingereza waondoke India mara moja. Viongozi walikamatwa usiku uleule na kesho yake. Bila viongozi, ghasia zilizuka sehemu nyingi. Gandhi alizuiliwa katika jumba la Aga Khan mjini Pune. Humo, tarehe 22 Februari 1944, Kasturba alifariki dunia. Gandhi aliachiliwa Mei mwaka huo.

Uhuru ulipatikana tarehe 15 Agosti 1947, lakini nchi iligawanywa kuwa India na Pakistan. Zaidi ya watu milioni 10 walihama makwao, na mamia ya maelfu waliuawa katika mapigano ya Wahindu, Waislamu na Wasingasinga. Kwa Gandhi huo ulikuwa msiba. Siku ya uhuru hakuwepo kwenye sherehe za Delhi. Alikuwa Calcutta, akifunga na kusali, akiishi nyumba moja na kiongozi Mwislamu, Suhrawardy. Ghasia zilipozuka tena Septemba, alisusa chakula. Baada ya siku tatu wenye fujo walikuja kusalimisha silaha zao, na mji ukatulia.

Januari 1948 alisusa chakula tena mjini Delhi, akidai Waislamu waliobaki walindwe na India iilipe Pakistan fedha zilizokuwa haki yake. Madai yake yalikubaliwa. Baadhi ya Wahindu wenye msimamo mkali walimwona msaliti. Tarehe 30 Januari 1948, akielekea kwenye sala ya jioni, alipigwa risasi na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake. Alikuwa na miaka 78. Muuaji alipohukumiwa kifo, watoto wawili wa Gandhi waliomba asinyongwe, kwa kuwa baba yao asingetaka hivyo. Ombi lao halikukubaliwa.

7. Ukosoaji na mipaka

Insha nzuri haiwi ya kusifu tu. Taja hoja hizi:

(i) *Waafrika.* Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini, Gandhi aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika, na harakati zake huko zilidai haki za Wahindi peke yao. Ndiyo maana mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana. Wanaomtetea husema mawazo yake yalibadilika kadiri alivyokua.

(ii) *Matabaka.* B. R. Ambedkar, kiongozi wa watu waliotengwa na kuitwa wasioguswa, alimlaumu kwa kupinga kutengwa huko bila kuupinga kikamilifu mfumo uliokuzaa. Mwaka 1932 Gandhi alisusa chakula kupinga watu hao kuwa na uchaguzi wao wa pekee, na Ambedkar aliona kuwa alilazimishwa kukubali.

(iii) *Kukinzana.* Mwaka 1918 Gandhi alihamasisha Wahindi wajiunge na jeshi la Uingereza, jambo lisilolingana na ahimsa.

(iv) *Sababu nyingine za uhuru.* Uingereza ilitoka katika Vita Kuu ya Pili ikiwa dhaifu kiuchumi. Si haki kusema satyagraha peke yake ndiyo iliyoleta uhuru.

(v) *Aina ya adui.* Mbinu hii huhitaji mahali ambapo habari zinaweza kutoka na mtawala anajali angalau kidogo jina lake. Je, pasipo na hayo?

8. Athari zake, hasa barani Afrika

Nchini Marekani, Martin Luther King alitumia mbinu hii katika mgomo wa mabasi wa Montgomery, 1955–1956. Ghana, Kwame Nkrumah aliongoza migomo na ususiaji mwaka 1950. Afrika Kusini, chama cha ANC kiliendesha kampeni ya mwaka 1952 ya kukaidi sheria za ubaguzi, ambapo watu zaidi ya 8,000 walikamatwa. Kiongozi wake Albert Luthuli baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Afrika Mashariki, vyama vya ukombozi vilivyokutana Mwanza Septemba 1958 na kuunda PAFMECA viliweka kutotumia mabavu miongoni mwa misingi yao. TANU, chini ya Julius Nyerere, ilidai uhuru kwa mikutano, kura na mazungumzo, na Tanganyika ikawa huru tarehe 9 Desemba 1961 bila vita.

Lakini angalia upande wa pili. Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, polisi waliua watu 69 waliokuwa wakipinga sheria za pasi. Mwaka uliofuata Nelson Mandela na wenzake waliunda tawi la mapigano, wakisema milango yote ya amani imefungwa. Tanganyika iliyopata uhuru bila risasi ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU kuanzia 1963, ikasaidia wapiganaji wa Msumbiji na nchi nyingine za kusini. Je, hiyo ilikuwa kukana kanuni, au kukubali kuwa kanuni ina mipaka? Swali hilo halijafungwa, na mtahiniwa ana haki ya kulijadili.

Majivu ya Gandhi yalitawanywa sehemu kadhaa, ikiwemo Jinja, Uganda, mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 2 Oktoba kuwa Siku ya Kimataifa ya Kutotumia Mabavu.

Tarehe za kukariri

1869 – kuzaliwa Porbandar
1893 – kufika Afrika Kusini. Tukio la Pietermaritzburg
1894 – Natal Indian Congress
1906 – kiapo cha Johannesburg
1915 – kurejea India
1919 – mauaji ya Amritsar
1920–1922 – kutoshirikiana, Chauri Chaura
1930 – Matembezi ya Chumvi
1942 – madai ya Waingereza kuondoka India
1947 – uhuru na mgawanyiko
1948 – kuuawa Delhi

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya satyagraha na woga kwa kutumia mifano miwili kutoka maisha ya Gandhi.
2. Kwa nini Gandhi alichagua chumvi mwaka 1930? Toa sababu nne.
3. Gandhi alifanya kosa kusimamisha harakati mwaka 1922. Jadili.
4. Onyesha sababu tatu, mbali na kazi ya Gandhi, zilizochangia uhuru wa India mwaka 1947.
5. Kutotumia mabavu hufaulu pale tu adui anapokuwa na haya. Jadili kauli hii ukitumia mifano ya India na Afrika Kusini.

*Mwongozo wa swali la 5:* Anza kwa kufafanua maana ya kutotumia mabavu katika sentensi mbili au tatu. Toa hoja zinazoiunga mkono kauli, kama vile Sharpeville 1960. Toa hoja zinazoipinga, kama vile Afrika Kusini 1913, ambapo serikali ilisalimu amri kwa sababu migodi ilisimama na jela zilijaa, wala si kwa haya peke yake. Hitimisha kwa msimamo wako. Usiandike kwamba pande zote mbili ni sahihi kisha ukanyamaza; chagua upande na ueleze kwa nini.